Vumbi nalo ni hali ya hewa, liwekeni gazetini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Najua barua ya msomaji haitakiwi kuwa ndefu, lakini bwana wa Moshi aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu vumbi alipewa nusu ukurasa na picha juu, nami naomba nipimiwe kwa kibaba hichohicho.

Bwana huyo alisema sisi wa Arusha tunaolalamikia vumbi hatujui neema tuliyonayo. Vumbi likiwa angani, aliandika, linazuia jua, dunia inapoa, na kwa joto la siku hizi tungepaswa kulishukuru. Akamalizia kwa kutushauri tufunge vitambaa puani tuvumilie. Ushauri wa kitambaa haukunikasirisha, ninacho. Kilichonikera ni kwamba nusu ya aliyoyasema ni kweli, na uongo uliochovywa kwenye kweli hautoki kwa kufua mara moja.

Mimi ni mfugaji wa kuku wa nyama hapa Kisongo. Nilizaliwa Kibosho, kwenye migomba, ambako udongo haukauki hata uuombe. Nikafundisha sayansi shule ya msingi miaka 22, nikameza vumbi la chaki hadi kifua kikasema basi. Nikastaafu, halafu nikaja kuishi mahali penye vumbi kuliko pote nilipowahi kukaa. Marehemu mume wangu alisema kiwanja hiki ni cha bei nafuu. Siku hizi najua kwa nini kilikuwa nafuu.

Sasa, anayelea vifaranga ni mtumwa wa kipimajoto. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kidogokidogo kila wiki. Baridi ikiwapata wanarundikana kona moja, wa chini wanakosa hewa wanakufa. Joto likizidi wanakikimbia chungu cha mkaa, mabawa wameyaachia, midomo wazi. Kwa hiyo nina vipimajoto viwili. Kimoja kiko ndani ya bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, usawa wa mgongo wa kifaranga. Kingine kiko nje chini ya baraza, upande usiopigwa na jua. Nasoma saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, naandika kwenye kaunta buku. Mwalimu hastaafu kabisa.

Tangu Februari mwaka juzi niliongeza safu ya herufi. J ni jua safi, W ni wingu, na V ni siku ambayo mawingu hakuna lakini nikisimama mlangoni Mlima Meru siuoni. Mlima wa mita zaidi ya 4,500, uko palepale ulipokuwa jana, lakini umefutika. Nilianza kuandika hivyo kwa sababu ya mkaa. Usiku wa kawaida wa kiangazi naamka mara tatu kutia mkaa. Baada ya siku za aina hiyo nilikuta mara mbili zinatosha, nikajiuliza joto hilo la bure linatoka wapi.

Nimehesabu siku 27 za V. Kwa sehemu kubwa, saa nane mchana kipimajoto cha nje kilikuwa chini kwa kama nyuzi moja, mara chache moja na nusu, ukilinganisha na siku za J za wiki ileile. Alfajiri iliyofuata kilikuwa juu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Sidai nimegundua kitu, kipimajoto chenyewe nilikinunua duka la dawa za mifugo. Lakini mchana pungufu, usiku ziada, ndicho hasa wanachoeleza wataalamu wa anga. Bwana wa Moshi aliutaja mchana, akaenda kulala kabla ya usiku.

Nieleze kwa kutumia banda langu la zamani, ambalo bati lake lina matundu ya misumari. Saa tatu asubuhi jua linapenya kwenye kila tundu, mwale mwembamba kama ufito, hadi chini kwenye maranda. Nikimimina chakula kwenye vihori, vumbi la pumba linapanda na miale yote inawaka kwa pamoja. Mwanga uliokuwa unashuka moja kwa moja sasa unanifikia machoni mimi niliyesimama pembeni. Kama unanifikia mimi, basi chini hauendi wote. Angani ni hivyohivyo. Kila chembe inatawanya mwanga, mwingine unarudi juu ulikotoka, ardhi inapata pungufu. Hiyo ndiyo nusu ya bwana wa Moshi.

Chembe hiyohiyo lakini inameza pia. Vumbi lenye chuma kingi, lile jekundu, linameza mwanga zaidi kuliko vumbi jeupe, na la kwetu hapa, lililotokana na majivu ya kale ya volkano, si jeupe hata kidogo. Muulize yeyote anayefua sare za shule Kisongo. Joto lililomezwa halipotei, linaipasha ile hewa ambamo vumbi linaelea. Kwa hiyo chini kunapoa na juu kunapata moto. Usiku ukiingia, ardhi nayo inatoa joto lake kuelekea angani, joto lile usiloliona ila unalisikia ukisogeza kiganja karibu na chungu cha mkaa. Vumbi linalidaka, linarudisha sehemu yake chini. Nadhani ndilo lililonipunguzia kazi ya kuamka.

Ukitaka kuliona jambo hili bila bahari wala mvua kulichanganya, watu wa anga za juu walilikuta kwenye sayari ya Mirihi. Novemba 1971, majuma machache kabla uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, haujafunguliwa rasmi, chombo cha Wamarekani kiitwacho Mariner 9 kilifika huko kikakuta sayari nzima imefunikwa na dhoruba ya vumbi, haipigiki picha. Vipimo vikaonyesha hewa ya juu imepata joto na uso wa sayari umepoa. Ilibidi wasubiri vumbi litue ndipo waanze kazi waliyotumwa. Nawaelewa kabisa, nami siku ya V sianiki nguo.

Turudi duniani. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Jasper Kok wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha hesabu zinazosema vumbi katika angahewa ya dunia limeongezeka kwa takriban asilimia 55 tangu katikati ya karne ya 19. Wakijumlisha kupoza kwake na kupasha kwake, wanaona kupoza kunazidi kidogo, na huenda ongezeko hilo limetufichia hadi asilimia 8 ya joto linaloletwa na gesi joto. Hapo bwana wa Moshi anapata maksi zake, mimi si mwalimu wa kunyima. Lakini hiyo ni hesabu ya dunia nzima iliyopikwa kwenye sufuria moja. Vumbi likiwa juu ya bahari, ambayo ni nyeusi, linarudisha mwanga ambao maji yangeumeza, basi linapoza. Likiwa juu ya jangwa jeupe au juu ya theluji, ambavyo vingeurudisha mwanga vyenyewe, linaumeza, basi linapasha. Saizi nayo ina neno lake. Chembe ndogo sana kazi yake kubwa ni kutawanya mwanga wa jua, chembe kubwa zaidi ni hodari wa kumeza joto. Mwaka 2020 huyohuyo Kok na mwenzake Adeyemi Adebiyi walionyesha kwamba angahewa inabeba takriban tani milioni 17 za vumbi la chembe kubwa, wakati programu za kompyuta zinazotumika kukokotoa tabianchi zilikuwa zinahesabu kama milioni 4 tu. Mara nne! Na chembe kubwa ziko wapi kwa wingi? Karibu na mahali zinapotimka, kabla hazijachoka zikaanguka. Ni hapa, kwenye mabati yangu.

(Zikizidi ukubwa zaidi ya hapo hazipandi angani, zinarukaruka chinichini tu. Ule mchanga mweusi unaohama kule Ngorongoro, karibu na Oldupai, uliotokana na majivu ya Oldoinyo Lengai, unahama mita kama 17 kwa mwaka bila kupanda angani. Ule ni mchanga, si vumbi. Watalii wanaupiga picha, na kifaranga haumsumbui.)

Kuna jirani yangu, bibi wa Kimaasai, sote tunamwita Koko. Boma lake liko ng'ambo ya korongo. Yeye hana kaunta buku ila ana macho. Siku moja mwezi wa tisa alinikuta natazama chamchela watatu wakizunguka uwandani kwa mpigo, warefu kuliko mnara wa simu.

"Takwenya, Mama Eliya."

"Iko, Koko. Unawaona hawa?"

"Nimewaona tangu saa nne. Wanapita njia ya ng'ombe." Akanionyesha kwa fimbo. "Pale ng'ombe wa mnadani wanapopita ndipo wanapozaliwa. Kule kwenye majani hawaendi."

Nilitazama nikaona ni kweli. Ardhi iliyovaa majani ilikuwa imetulia. Chamchela walikuwa wanaota kwenye ule ukanda uliokanyagwa ukawa unga, na kwenye mchepuko wa barabara ambao mkandarasi mmoja, simtaji, alipaswa kuumwagia maji kila siku. Boza lake nimelihesabu mara nne kwa mwezi.

Koko lakini ana neno moja ambalo tumelibishania sana. Anasema vumbi huita mvua. Kila vumbi kubwa likija mwezi wa kumi, mvua iko nyuma yake. Nami nilikuwa naamini hivyo hadi Oktoba ya mwaka juzi.

Nikisema vumbi linatanda, msomaji ataona kitu kinachokuja taratibu. Siku ile lilikuja limesimama. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, nina vifaranga 300 wa siku ya tano. Upande wa Monduli kulikuwa na wingu jeusi na mvua ikionekana inaning'inia chini yake bila kugusa ardhi, kama kanga iliyoanikwa. Nikasema, leo tunapata. Kisha chini ya kanga ile ukatokea mstari wa kahawia. Niliingia bandani kufunga pazia, na nilipotoka haukuwa mstari tena, ulikuwa ukuta, na ng'ombe wa Koko walikuwa wameshaugeuzia migongo. Halafu upepo ukafika, na upepo ulikuwa wa baridi. Hilo nalikumbuka kuliko kelele za mabati. Vumbi la kiangazi, mate yamekauka mdomoni, na baridi kama ya mtu aliyefungua friji mbele yako. Turubai la magharibi likang'oa misumari mitatu. Kipimajoto cha bruda kilikuwa kinasoma 33 nilipoingia. Nilikuja kukiokota kwenye maranda baada ya kama nusu saa, kinasoma 26, kioo kimejaa mchanga. Vifaranga walikuwa wamejazana kona ya mashariki wamepandana kama nyanya kwenye tenga. Nilikuwa nawachambua kwa mikono miwili, wa juu nawatupa pembeni wapumue, wa chini walikuwa bado wana joto lakini shingo zimelegea. Mvua ya siku hiyo ilikuwa matone machache, ningeweza kuyahesabu kwenye bati, kila tone limeacha doa lake la tope.

Arobaini na mmoja.

Nilikaa siku kadhaa nikiuliza ule ubaridi ulitoka wapi. Jibu wanalo watu wa Sudan, ambako mambo haya ni ya kila mwaka na wana jina lake, habubu. Mvua inapoanguka ikipita kwenye hewa kavu, matone yanageuka mvuke kabla ya kufika chini. Kugeuka mvuke kunahitaji joto, na joto hilo linanyang'anywa hewa, kama mtungi unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Hewa iliyopoa ni nzito, inaporomoka, inagonga ardhi, inatawanyika pande zote kwa kasi na kuzoa kila kilicholegea mbele yake. Kwa hiyo ile kanga iliyoning'inia ndiyo iliyonitumia ukuta. Mvua ambayo haikufika ndiyo iliyoniua vifaranga. Nilimwambia Koko, siyo vumbi linaloita mvua, ni mvua ndiyo iliyolitanguliza vumbi. Akacheka, akasema yote ni mamoja mradi ng'ombe wanywe. Nikamwambia siku ile hawakunywa. Akanyamaza.

Na vumbi likishakaa angani siku nyingi, linaweza hata kuizuia mvua. Kwanza kwa ule mpangilio wa chini baridi, juu moto. Wingu la mvua huzaliwa ardhi inapopata joto, hewa ikapanda. Sasa chini ardhi imepoa kidogo, na juu yake kuna tabaka lenye joto. Ni kifuniko, hewa haipandi mbali. Kule Atlantiki hewa ya Sahara hupita juu ya bahari ikiwa kavu, ya moto na yenye vumbi, na mara nyingi huzinyong'onyeza tufani zinazotaka kukua. Kisiwani Barbados, mtafiti Joseph Prospero alianza mwaka 1965 kulipima vumbi linalofika huko kutoka Afrika, na miaka ya ukame wa Saheli lilionekana kuongezeka. Juni 2020 lilivuka wingu moja kubwa hadi Karibi na kusini mwa Marekani, watu wakakosa kuona vizuri mchana kweupe.

Pili kwa hesabu ya kugawana. Kila tone la wingu linahitaji chembe ya kuanzia, iwe chumvi ya bahari, moshi au vumbi. Chembe zikiwa za wastani, matone yanakua hadi yanaanguka. Zikizidi, mvuke uleule unagawanywa kwa matone mengi mno, kila moja dogo lisilo na uzito wa kushuka. Ni kilo moja ya unga kwa watu mia, hakuna atakayeshiba. Lakini nisiwe kama bwana wa Moshi nikataja upande mmoja. Juu kabisa, kwenye baridi kali, vumbi linaweza kusaidia mvua. Tone safi linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Likipata chembe ya vumbi linaganda mapema zaidi, na barafu ndogo ikishaanza hunenepa haraka, huanguka, huyeyuka njiani ikawa mvua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walionyesha mwaka 2013 kwamba hodari wa kazi hiyo ndani ya vumbi ni madini ya feldispa, yaleyale yanayotumika kwenye vyombo vya kauri. Kwa hiyo kama Koko atasoma barua hii, au atasomewa, ajue nimempa sehemu yake.

Nimesema nilizaliwa Kibosho. Nyumbani kwetu ukifungua mlango wa jikoni asubuhi unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na mama alikuwa akiitazama kabla ya kuwasha moto, kama mtu anavyotazama saa. Kaka yangu alikuwa mgumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyoitwa, alibeba mizigo ya wageni mlimani miaka 11, na alikuwa akituambia kuta za barafu kule juu zina mistari michafu kama keki iliyoanguka jikoni. Tulidhani anatia chumvi. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na timu yake walitoboa barafu ya Kilimanjaro sehemu sita, wakatoa nguzo za barafu za kusoma kama kitabu. Walichapisha mwaka 2002. Barafu ya chini ina umri wa miaka karibu 11,700, na mahali panapolingana na miaka 4,000 hivi iliyopita kuna mkanda wa vumbi wenye unene wa kama milimita 30. Wanausoma kuwa ni alama ya ukame mrefu uliotesa sehemu kubwa ya Afrika. Milimita 30 za vumbi zilizopanda hadi juu ya mita 5,000 zikakaa! Mchoro wa kaka yangu wa keki haukuwa uongo.

Watafiti haohao wamepima kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mlimani mwaka 1912 ilikuwa imekwisha ifikapo 2007. Sisemi vumbi ndilo lililoimaliza. Upungufu wa theluji mpya una sehemu kubwa. Lakini theluji mpya ndiyo shuka safi. Inapoanguka inafunika uchafu, jua linarudishwa. Isipoanguka, uso mkongwe wenye vumbi unabaki wazi, unakunywa jua, na barafu inapungua. Hebu bwana wa Moshi, ambaye mlima uko dirishani kwake, anieleze hapo vumbi linapoza nini.

Yuko mtu atakayesema haya ni mambo ya Mungu, upepo hauna breki. Upepo hauna, lakini ardhi inayo. Marekani katika miaka ya 1930 walilima nyanda zao za majani kwa trekta hadi zikabaki uchi, ukame ukaja, udongo ukaamka. Tarehe 14 Aprili 1935 giza la vumbi lilifunika sehemu za Oklahoma na Texas mchana, na siku ile wanaiita Jumapili Nyeusi hadi leo. Mwezi uleule serikali yao ikaunda idara ya kuhifadhi udongo. Jambo ambalo shuleni sikuwahi kulifundisha, kwa kuwa halikuwa limejulikana, ni lile lililochapishwa mwaka 2009. Watafiti walipoiga ukame ule kwenye kompyuta bila vumbi, haukuwa mkali vile. Walipoongeza vumbi na ardhi iliyokosa majani, ndipo ukafanana na ule uliotokea. Ardhi ikikauka inatoa vumbi, vumbi linapunguza mvua, ardhi inakauka zaidi. Nikitazama makorongo yanayoongezeka kati ya hapa na Monduli, na mashamba mapya yaliyolimwa hadi kwenye kingo zake, sina raha.

Sasa ombi langu, Mhariri, maana sikuandika ili kumshinda mtu. Ukurasa wako wa pili una kisanduku cha hali ya hewa. Kina kiwango cha juu cha joto, cha chini, mvua, upepo, hata saa ya jua kuchomoza, ambayo majogoo wa Kisongo hawajawahi kukosea. Vumbi hamna. Umoja wa Mataifa umeitengea tarehe 12 Julai kuwa siku ya kupambana na dhoruba za mchanga na vumbi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina mpango wa kutoa tahadhari zake tangu 2007. Sisi tunaomba mstari mmoja tu katika kisanduku. Siku uwanda umekauka na wingu la mvua linajengeka alasiri, andikeni: "Upepo wa ghafla wenye vumbi na baridi unawezekana." Mtu wa vifaranga atafunga turubai saa nane badala ya saa tisa na nusu. Mtu wa pikipiki atajua. Mwenye mtoto wa pumu atamwita ndani mapema. Mwenye sola juu ya bati atajua kwa nini taa zimezima saa mbili usiku.

Kama mtasema hamna mtu wa kuwaambia Kisongo kumekuchaje, mimi nipo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nasimama mlangoni, naangalia Meru upo au haupo, naandika herufi moja. Kuituma kwa simu ni gharama ya meseji.

Bwana wa Moshi namkaribisha mwezi wa tisa, aje na kitambaa chake. Atakula kuku.

Nimeambatanisha nakala ya kurasa mbili za kaunta buku, Februari na Oktoba. Kwenye Oktoba mtaona mahali ambapo wino umevimba, ni tone moja la ile mvua, lilipita kwenye tundu la msumari. Bechi mpya ya vifaranga inaingia Jumanne, kwa hiyo mkitaka kunipigia, si kabla ya Alhamisi.

Wako,
Mama Eliya
Kisongo, Arusha